Bembea ya Mto Tana: Furaha na Tumaini kwa Mungu Wakati wa Dhiki

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, fanya jaribio dogo Jumatatu asubuhi. Bendera ikishapandishwa na wanafunzi wakisharudi madarasani, waulize watahiniwa wako wa kidato cha nne swali hili: wimbo mlioimba sasa hivi ni wa aina gani? Wengi watajibu kwamba ni wimbo wa kizalendo, nawe utawapa alama. Wachache watasema ni sala. Ni nadra kumpata atakayekuambia kwamba wimbo huo, kabla ya kuwa wa taifa, ulikuwa bembea, yaani wimbo wa kumlaza mtoto, na kwamba ulitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana.

Majibu yote matatu ni sahihi. Tatizo ni kwamba tumezoea kufundisha moja tu. Tukifanya hivyo, tunaondoa katika wimbo ule jambo lililoufanya udumu. Makala haya yanadai kwamba furaha na tumaini kwa Mungu vilivyomo katika wimbo huo si vya watu walioepukana na dhiki. Ni vya watu walioishi ndani ya dhiki na wakajifunza kuomba wakiwa humo. Mtahiniwa anayeandika "maudhui ya matumaini" pasi na kutaja dhiki iliyoyazaa matumaini hayo amesoma nusu ya matini. Ili tuisome nusu ya pili, hatuna budi kushuka hadi Garsen.

Mto na watu wake

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Huanzia katika miteremko ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, ukasafiri takriban kilomita 1,000 hadi Bahari Hindi karibu na Kipini. Garsen ni mji wa sehemu ya chini ya mto, katika barabara inayotoka Malindi kwenda Lamu. Ni kama mlango wa kuingilia delta. Ukingoni mwa mto huishi Wapokomo, ambao kimsingi ni wakulima na wavuvi. Katika nyika iliyo kandokando huishi Waorma na Wawardei, ambao ni wafugaji. Wapo pia Wamalakote, Wamunyoyaya na Wawata.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, Wapokomo si wageni. Kipokomo na Kiswahili ni ndugu wa kundi moja la lugha za Kibantu, kundi la Sabaki, pamoja na lugha za Wamijikenda na za Wakomoro. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili akimsikiliza Mpokomo kwa makini hunasa neno hapa na pale hata kabla hajafasiriwa.

Zingatia sasa uchumi wa mkulima huyu, kwa kuwa ndio mandhari ya wimbo wetu. Kwa vizazi vingi Mpokomo ametegemea mafuriko. Mvua za masika na za vuli zinaponyesha huko juu, mto hufurika huku chini na kuacha tope lenye rutuba. Tope hilo ndilo shamba la mpunga na la migomba. Yasipokuja maji, kuna njaa. Yakija kupita kiasi, hubeba nyumba, mazao na mifugo, kama ilivyotokea mwaka 1961, kisha wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, na tena kati ya mwishoni mwa 2023 na Mei 2024. Mabwawa yaliyojengwa juu ya mto, kama vile Kindaruma mwaka 1968, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, yaliwapa watu wa mbali umeme lakini yakabadilisha mwendo wa maji ambao wakulima wa chini walikuwa wameuzoea.

Kwa hivyo, mkulima wa Garsen humwomba Mungu maji yaje, kisha humwomba yasizidi. Sala zote mbili hutoka katika kinywa kimoja, wakati mwingine katika msimu mmoja. Mtu wa namna hii hawezi kuwa na imani ya juujuu. Anajua kwamba kile anachokiombea baraka ndicho pia kinachoweza kumwangamiza. Tumaini lake ni la mtu ambaye jembe liko mkononi na jicho liko mtoni.

Dhiki zilizoandikwa katika historia

Tusiishie kwenye mafuriko. Historia ya bonde hili ina majeraha mengine ambayo mwalimu anaweza kuyataja darasani kwa tarehe zake.

Mwaka 1886, katika kituo cha misheni ya Wamethodisti huko Golbanti, si mbali na Garsen, mmishenari John Houghton na mkewe Annie waliuawa katika uvamizi, pamoja na baadhi ya watu waliokuwa nao. Mtu angetarajia kwamba huo ungekuwa mwisho wa kanisa mahali pale. Haukuwa. Mwaka uliofuata wamishenari Wajerumani wa Neukirchen walianza kazi huko Ngao, na jamii za Kikristo zikakua katika sehemu ya chini ya mto. Katika sehemu ya juu, Wapokomo wengi wakawa Waislamu. Kumbuka jambo hili, kwani litatusaidia tutakapofika kwenye jina la Mungu katika wimbo wa taifa.

Mwaka 1902 maafisa wa kikoloni wa Uingereza waliichukua ngadzi, ngoma kuu takatifu ya Wapokomo. Ngoma hiyo ilikuwa alama ya mamlaka na umoja wa jamii, na sauti yake iliheshimiwa. Mwaka 1908 iliingizwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Ebu fikiri, mwalimu, maana ya jamii kunyang'anywa ngoma. Kwetu Waafrika ngoma si chombo tu. Ni sherehe yenyewe, ndiyo maana neno hilohilo hutaja chombo, uchezaji na shughuli nzima. Kuichukua ngadzi kulikuwa kuichukua furaha ya hadhara.

Kisha ikaja Hola, kaskazini ya Garsen kwenye ukingo wa mto huohuo. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi ya kizuizini kwa sababu ya kukataa kufanya kazi kwa lazima katika mradi wa kunyunyizia mashamba. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo haukudumu. Habari za Hola zilijadiliwa katika Bunge la Uingereza na zikawa mojawapo ya mambo yaliyoharakisha mwisho wa ukoloni nchini.

Miaka minne baada ya damu ile kumwagika, taifa jipya lilikuwa likitafuta wimbo. Wimbo ukapatikana katika bonde lilelile.

Kutoka mgongoni mwa mama hadi kwenye mlingoti wa bendera

Mwaka 1963 iliundwa kamati ya watu watano ya kutayarisha wimbo wa taifa. Wanakamati walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wasomi wa tamthilia ya Kiswahili wanamjua Hyslop pia kama mwandishi wa michezo Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Kalume alikuwa mchungaji kutoka pwani, na baadaye akawa mbunge. Senoga-Zake na Omondi wanakumbukwa kwa utafiti na ufundishaji wa muziki wa Kiafrika.

Wanakamati walitaka wimbo wenye mizizi ya Kiafrika badala ya tuni ya kuazima. Waliyoichagua ni tuni ya bembea ya Wapokomo, na mzee Meza Morowa Galana ndiye anayetajwa kuwa aliyewapa. Maneno mapya ya Kiswahili yakatungwa, na Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wimbo huo, Ee Mungu Nguvu Yetu, ukaimbwa bendera mpya ikipanda.

Sasa linganisha mambo mawili. Ngadzi, ngoma ya wazee, ilikuwa kubwa, ikaonekana, ikachukuliwa. Bembea, wimbo wa wanawake, ilikuwa ndogo. Haikuwa na chombo cha kunyang'anywa. Iliimbwa usiku, ndani ya nyumba, mtoto akiwa mgongoni au mapajani. Hakuna afisa aliyefikiri kuikamata. Furaha ya hadhara ilifungiwa London, lakini furaha ya faragha ilibaki vinywani mwa akina mama, na hiyo ndiyo iliyokuja kusimamisha nchi nzima wima. Hapa mwalimu anapata mfano bora wa sifa ya fasihi simulizi tunayoitaja kila mwaka bila kuihisi, kwamba huhifadhiwa akilini na hurithishwa kwa mdomo.

Bembea inafanya nini?

Watahiniwa wengi huandika kwamba bembea ni wimbo wa furaha kwa kuwa unamhusu mtoto. Huo ni upungufu. Bembea huanza na kilio. Pasipo mtoto anayelia, hapana bembea. Nafsineni ni mama, yaya au dada mkubwa, ambaye mara nyingi naye amechoka au ana njaa. Nafsinenewa ni mtoto asiyeelewa maneno lakini anayeielewa sauti. Ndiyo maana fani yake hutegemea takriri, mapigo ya polepole, mistari mifupi na toni ya upole. Maudhui yake huweza kuwa ahadi ya zawadi, sifa kwa mtoto, vitisho vya mnyama, hata malalamiko ya mama kuhusu ndoa yake.

Tazama basi kazi ya mama huyu. Hamwambii mtoto kwamba hakuna giza. Giza lipo na mtoto analiona. Anachompa ni sauti yake ndani ya giza hilo. Mtoto hulala kabla ya kupambazuka, yaani tatizo halijaondoka. Kinachompa usingizi ni kumtumaini aliyembeba.

Hii ndiyo maana halisi ya tumaini kwa Mungu wakati wa dhiki, nayo ndiyo iliyosafiri pamoja na tuni hadi kwenye wimbo wa taifa. Linganisha na wimbo wa taifa wa Ufaransa, uliotungwa mwaka 1792 kama wimbo wa vita, ambao tuni yake inawasukuma askari mbele. Tuni yetu haina kishindo hicho. Ni ya polepole na ina simanzi ndani yake. Mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza bila maneno angeweza kudhani ni wimbo wa kanisani au wa matanga. Taifa lililotoka katika vizuizi na hali ya hatari lilichagua kusimama mbele ya ulimwengu kwa sauti ya mama anayebembeleza.

Wimbo wa taifa kama sala

Mwambie mtahiniwa achunguze muundo wa beti zake tatu. Ubeti wa kwanza ni ombi. Nafsineni ni wingi, "sisi", na nafsinenewa ni Mungu. Huombwa baraka, haki iliyo kinga, umoja, amani, uhuru na neema. Ubeti wa pili hubadilisha nafsinenewa: sasa wananchi wanaambiana waamke, wafanye kazi na wailinde nchi. Ubeti wa tatu huwaita kujenga taifa kwa pamoja na humalizikia kwenye shukrani.

Mpangilio huo una maana. Shukrani, ambayo ndiyo furaha ya mcha Mungu, imewekwa mwisho, baada ya ombi na baada ya kazi. Wimbo haumruhusu mwimbaji kushangilia kabla hajaomba, wala kuomba kisha akakaa kitako. Wahenga walisema Mungu humsaidia anayejisaidia, na mkulima wa Tana anaijua methali hiyo kwa mikono yake. Huomba maji, kisha hulima.

Zingatia pia uteuzi wa neno. Anayetajwa ni Mungu, bila jina la dini fulani. Mkristo wa Ngao na Mwislamu wa sehemu ya juu ya mto wote wanaweza kuitamka sala hii pasipo mmoja kujihisi mgeni. Hilo ni jambo zito katika nchi yenye dini nyingi.

Ulinganisho: Fumo Liyongo

Katika delta hiihii kuna shujaa ambaye watahiniwa wote wanamjua. Mapokeo yanalihusisha kaburi la Fumo Liyongo na Ozi, karibu na Kipini, na Muhammad Kijumwa aliuandika utenzi wake mwaka 1913. Tukumbuke kisa cha gerezani. Liyongo, akisubiri kuuawa, anamtumia mamake ujumbe kupitia kwa kijakazi Saada kwa njia ya wimbo. Mama anaoka mkate wa makapi na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau mkate ule na kuupitisha. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu ichezwe, na vigoma na pembe zinapovuma nje, yeye anakata minyororo ndani.

Walimu hufundisha kisa hiki kuonyesha werevu wa shujaa, na ni sawa. Lakini kina jambo jingine. Walioko nje wanacheza, aliyeko ndani anafanya kazi, na sauti ya furaha ndiyo inayoifunika sauti ya tupa. Furaha hapa haikusubiri uhuru. Ilikuwako kabla yake na ikausaidia kuja. Angalia pia kwamba wokovu ulipitia kwa mama na kwa mkate duni, kama vile wimbo wa taifa ulivyopitia kwa mama na kwa wimbo mdogo wa usiku.

Swali gumu

Mwanafunzi mwerevu atanyanyua mkono hapa, na ni lazima tumjibu kwa ukweli. Atauliza: ikiwa bonde la Tana ndilo lililotupa sala ya umoja na amani, mbona mwaka 2012 watu wa bonde hilohilo waliuana?

Ni kweli. Tarehe 22 Agosti 2012, kijiji cha Riketa kilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba ikawa zamu ya Kilelengwani, ambako polisi pia walikuwa miongoni mwa waliouawa. Tarehe 21 Desemba ikawa Kipao. Chanzo kilikuwa ugomvi wa Wapokomo na Waorma juu ya mashamba na njia za mifugo za kufikia maji, ugomvi uliokuwa umemwaga damu pia mwaka 2001, na ambao siasa za kuelekea uchaguzi zilitajwa kuuchochea. Maelfu walihama. Watoto waliokuwa wakiimba wimbo wa taifa shuleni walilala kambini.

Usijaribu kulizunguka swali hili, mwalimu. Jibu lake limo katika aina ya matini. Sala si ripoti. Anayeomba amani hasemi kwamba amani ipo. Anakiri kwamba haipo au inaweza kutoweka. Mtu huomba alichokikosa. Tukiusoma ubeti wa kwanza kama tangazo la sifa za Kenya, matukio ya 2012 yanaufanya uongo. Tukiusoma kama ombi, matukio hayo yanaonyesha kwa nini ni lazima uimbwe tena, na kwa nini ubeti wa pili unatuambia tusiishie kuomba. Mama akimbembeleza mtoto usiku huu, kesho usiku atambembeleza tena. Hilo si dalili kwamba wimbo wa jana ulishindwa.

Kwa mtahiniwa

Katika karatasi ya fasihi, ukiulizwa ujadili wimbo wowote wa matumaini, anza kwa kujiuliza: nani analia hapa? Taja dhiki kwanza, kisha nafsineni, kisha anayeombwa. Onyesha jinsi takriri na toni zinavyobeba tumaini hilo. Usiandike tu kwamba "mtunzi ana matumaini". Andika, mathalan, kwamba nafsineni anamwomba Mungu katikati ya ukosefu wa haki, na kwamba ombi lenyewe ni ushahidi kuwa hajakata tamaa. Jibu kama hilo linamwonyesha mtahini kwamba umeisoma matini pamoja na muktadha wake.

Jihadhari pia na kosa la kudhani kwamba furaha na huzuni ni maudhui yanayotengana. Katika nyimbo za watu walioteseka, mara nyingi hukaa katika mstari mmoja.

Hitimisho

Tumeona kwamba wimbo tunaouimba kila wiki umetoka kwa watu wanaoombea maji na kuogopa maji, walionyang'anywa ngoma yao, na ambao mto wao ulishuhudia Golbanti, Hola na Riketa. Walichotupa si wimbo wa ushindi. Walitupa namna ya kumshika mtoto gizani. Jumatatu ijayo, kabla bendera haijapanda, waambie wanafunzi wako jambo hilo moja. Kisha wasikilize wakiimba.

Maswali ya kujadili

1. "Bembea huanza na kilio." Jadili kauli hii ukirejelea bembea mbili za jamii yako.

2. Linganisha nafsinenewa wa ubeti wa kwanza na wa ubeti wa pili wa wimbo wa taifa. Mabadiliko hayo yanajenga vipi maudhui?

3. Eleza nafasi ya mama kama mwokozi katika kisa cha Fumo Liyongo na kama mhifadhi wa fasihi simulizi katika jamii.